Mkwe Wangu na Watu wa Kwenye Runinga

Mkwe wangu hakuwahi kumaliza mchezo hata mmoja. Namsema mama wa mume wangu, mwanamke wa jembe na ng'ombe kutoka Shinyanga vijijini, ambaye hakujua kusoma na hakutaka kufundishwa. Kwa miaka yote aliyokuwa akija kukaa kwetu Kahama, alishika pedi ya gemu mara nyingi kuliko alivyoshika mkono wangu. Katika michezo yote hiyo hakushinda, hakufika mwisho, wala hakujali.

Watu wakinisikia nikisimulia hivi hucheka. Nami huwaacha wacheke kwanza.

Ilianza kwa sababu ya mguu. Mkokoteni wa ng'ombe ulimwangusha wakati wa mavuno ya pamba, mfupa wa paja ukavunjika, mume wangu akamleta mjini akae karibu na hospitali. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba cha mbele. Yeye akawekwa kwenye kochi linaloelekea runinga, mguu juu ya stuli, fimbo ya kutembelea imelala pembeni kama askari aliyechoka. Tulikuwa na mashine ya gemu ambayo mume wangu aliipata kwa mwenzake aliyeacha machimbo na kurudi kwao Mbeya. Mume wangu ni dereva wa lori. Anabeba mawe kutoka machimboni kupeleka kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Akirudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Anaoga, anakula, kisha anacheza mpira wa kwenye runinga ili mikono iache kutetemeka kwa usukani.

Jioni ya kwanza mkwe wangu aliutazama mpira ule. Mchezaji mmoja akakatwa mtama, akaanguka. Yule aliyemwangusha akarudi, akamnyooshea mkono, akamwinua. Kipande hicho mume wangu hukiruka kwa kubonyeza kitufe ili mchezo uendelee, na safari hii pia alikiruka katikati. Mkwe wangu akapiga kochi kwa kiganja.

"Rudisha!"

"Nirudishe nini, mama?"

"Yule aliyempa mwenzake mkono. Rudisha nimwone."

"Hairudi hiyo. Gemu linafanya lenyewe tu."

"Basi mwangushe mwingine."

Mume wangu alicheka, lakini alikuwa mtoto mtiifu. Jioni ile aliwaangusha watu mpaka timu yake ikakaribia kuisha kwa kadi nyekundu. Kila walipoinuana, mkwe wangu aliguna kwa kuridhika, mguno ule ule niliokuja kuusikia baadaye akitazama ng'ombe akinywa maji.

Msidhani alikuwa bibi mpole. Nilipomwandalia chakula mara ya kwanza alimega tonge, akalitazama, akasema, "Ugali huu ni wa kumpa mgeni usiyetaka arudi." Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba akiwa ametazama mlango. Aliniita ng'winga, yaani bibi harusi kwa Kisukuma, na aliendelea kuniita hivyo mpaka nikaanza kuota mvi. Mimi nilitoka Iringa bila neno hata moja la lugha yao. Nilipoanza kuielewa nilidhani nitagundua kwamba kwa Kisukuma ni mtu mwingine, mwenye maneno laini. Wapi. Maneno laini aliyatunzia ng'ombe. Aliwaita kwa majina yao na kuwauliza wamelalaje.

Kwenye misiba hakulia. Alichota maji, akapasua kuni, akapika kwenye sufuria zile kubwa, kisha akarudi nyumbani kwake. Nilipomuuliza siku moja kama hakumpenda jirani tuliyetoka kumzika, alijibu, "Machozi hayajazi mtungi." Dada yake wa damu alikaa kijiji cha pili, nao hawakusalimiana kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo kabla mimi sijaolewa. Mbuzi mwenyewe alishakufa, mihogo ilishasahauliwa, lakini yeye hakusahau.

Basi mtu huyo huyo, ukimpa pedi, alibadilika.

Mume wangu alimfundisha vitufe kwa rangi na umbo, maana herufi hakuzijua. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimezoea jembe, lakini vilijifunza. Akapewa mchezo wa magari. Wenzake wakatimka, yeye akaenda polepole kama anayeendesha trekta. Akafika mahali palipokuwa na ng'ombe kando ya barabara, akasimamisha gari.

"Mama, unashindana!" mume wangu akamwambia.

"Ng'ombe wa watu hawa wamekonda," akasema. "Hakuna mvua huko?"

Akapewa mchezo wa vita. Akashusha bunduki, akazunguka kwenye magofu huku risasi zikimpita, mpaka akamkuta mbwa nyuma ya ukuta. Sijui alibonyeza nini. Askari wake akapiga goti, akamkuna yule mbwa kichwani, na mbwa akatikisa mkia. Mume wangu alikuwa ameucheza mchezo ule kwa mwaka mzima na hakujua kwamba mbwa yule anaweza kukunwa. Alikaa mdomo wazi. Mkwe wangu akauawa hapo hapo, na kila alipofufuka alirudi kwa mbwa.

Ila mchezo wake hasa ulikuwa wa mpanda farasi. Unapanda farasi, una upanga, na mbali kabisa unauona mlima wenye moshi. Juu ya mlima kuna joka linalotakiwa kuuawa ili nchi ipone. Mlima unauona tangu mwanzo. Mkwe wangu aliuona, akaupa mgongo. Alikuwa na kazi nyingine. Kulikuwa na mzee aliyeshindwa kuinua mzigo wake wa kuni. Ukisimama unaweza kumtwika. Kulikuwa na mtoto aliyeogopa kuvuka kijito; ukishuka kwenye farasi unaweza kumshika mkono. Farasi mwenyewe, ukimpapasa shingo, anageuza kichwa na kukunusa. Hayo yote hayana faida yoyote. Huongezewi nguvu, hupewi upanga mpya, na hakuna anayepiga makofi. Waliotengeneza mchezo ule waliyaweka tu, kama mwanamke anayedarizi upande wa ndani wa nguo ambao hakuna atakayeuona. Mimi kama fundi nililielewa hilo, nikawapenda watu hao nisiowajua.

Mume wangu hakuelewa.

"Mama, kwa namna hii hutamaliza."

"Kumaliza kuna nini?"

"Unaliua joka, unavikwa taji."

"Nikishavikwa?"

"Basi. Mchezo umeisha."

Akamtazama mwanawe kwa huruma. "Sasa mtu anakimbilia kuisha?"

Mguu ulipona, akarudi kijijini, nasi tukadhani yamekwisha. Lakini kila baada ya mavuno alikuja, na kuku wawili amewafunga miguu, na mfuko wa karanga. Alisema anakuja kuangaliwa mguu. Mguu huo ulikuwa mzima kuliko wangu.

Siku moja nikiwa nakata vitambaa nilimuuliza kwa nini anawahangaikia watu wa kwenye runinga wasiomjua. Nilitaka pia aelewe kwamba kuna mtu nyumba hii anayemjua na hahangaikiwi.

"Duniani ukimtendea mtu wema, kesho atakusimulia," alisema. "Au atakudai mwingine. Au wewe utamdai. Mnaanza kuoneana haya. Hawa hawana midomo ya kupeleka habari."

Nilielewa kidogo siku ile. Alikuwa mtu anayeonea haya upole wake, kama wengine wanavyoonea haya nguo yenye kiraka.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nililibeba chini ya haya yote.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, kabla ya ajali ya mkokoteni, nilikuwa na mimba, nikaenda kijijini kwake kupumzika, maana Kahama kulikuwa na joto na vumbi. Uchungu ukanishika kabla ya wakati. Nilijifungua katika nyumba yake, mikononi mwa wanawake wa pale, mtoto wa kike ambaye hakulia. Nilipoteza damu nyingi, nikazimia. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitalini Shinyanga mjini, na tumbo langu tupu. Niliporudi kijijini hapakuwa na msiba wala turubai. Hapakuwa na mtu aliyenyoa nywele. Kwa mila, mtoto asiyelia huondolewa na wanawake wazima, kimya kimya, na mama yake haonyeshwi mahali alipozikwa. Mkwe wangu ndiye aliyemwondoa. Nilimuuliza yuko wapi. Akasema, "Kunywa uji." Nikamuuliza tena siku ya pili, akatoka kwenda kufungulia ng'ombe. Watu wengine waliniambia mtapata mwingine. Hatukupata.

Nilimchukia kwa hilo. Chuki yenyewe haikuwa na kelele. Ilikuwa kama sindano iliyovunjikia ndani ya kitambaa, huioni lakini kila ukikunja nguo inakuchoma. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwamkia. Sikumuuliza tena.

Katika mchezo wa farasi kulikuwa na kijiji kilichoungua, na katikati yake kisima. Ukingoni mwa kisima alikaa mwanamke aliyejitanda shuka. Hakuongea. Mume wangu alishampita mara nyingi. "Hapo hupati kitu," aliniambia. "Unaweza kukaa naye, basi. Hana habari yoyote."

Mkwe wangu alipomwona, alishuka kwenye farasi. Akabonyeza kitufe, na mpanda farasi wake akakaa chini kando ya yule mwanamke. Kisha akaiweka pedi mapajani na kutulia. Mimi nilikuwa mbele ya cherehani, nageuza kola. Muda ukapita. Nikashona kola nyingine. Nikainua macho nikidhani amesinzia, nikamkuta macho wazi kabisa. Na hapo kwenye runinga yule mwanamke wa kisimani akasogea kidogo, akainamisha kichwa, akakilaza kwenye bega la mgeni wake.

Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuliona hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa muda huo wote.

"Huyu ana kilio cha ndani," mkwe wangu akasema. Hakuwa akiitazama runinga tena, alikuwa akitazama mgongo wa mkono wangu juu ya kitambaa. "Wa namna hii haulizwi kitu. Mtu anakaa naye tu."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Nilingoja aendelee. Nadhani na yeye alingoja. Nje bodaboda ikapita, muuza maji akapiga kengele yake.

"Ng'winga," akasema, "shona. Sare za watu hizo."

Tangu siku ile, kila alipokuja, alianzia kisimani. Aliketi pale kabla hajaenda kumtwika mzee kuni. Nami, bila kupanga, nikawa nageuza kiti changu ili niwaone wote wawili. Hatukuzungumza. Lakini ugali wangu uliacha kutukanwa, na mara moja aliniletea karanga ambazo tayari zimemenywa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi barabara ziliharibika, lori likakaa, na mume wangu akakosa kazi kwa wiki kadhaa. Mama yake alikuwa kijijini. Kwa upweke wa mikono yake akauchukua mchezo wa farasi, akapanda mlimani, akaliua joka. Alifurahi sana. Aliniita nikaone taji.

Mkwe wangu alipokuja baada ya mavuno, aliwasha mashine mwenyewe na kwenda kisimani. Nchi ilikuwa imepona. Kijiji kile kilichoungua kilikuwa na mapaa mapya na watu wanacheza ngoma. Kisima kilikuwa na maua pembeni. Mwanamke hakuwepo.

Alizunguka kisima. Akaingia kila nyumba. Akapanda farasi, akaenda mpaka kijitoni, akarudi.

"Yuko wapi?"

Mume wangu akaeleza. Mchezo ukiisha, wenye huzuni huondoka. Labda amepona, labda amehama, gemu halisemi.

"Mmemwondoa," akasema.

"Mama, tunaweza kuanza upya. Nabonyeza hapa tu, yote yanarudi mwanzo. Utamkuta pale pale."

"Huyo atakuwa mwingine."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na mume wangu, aliyetaka tu kumfurahisha, aliendelea kueleza kwamba ni yule yule, shuka lile lile. Mkwe wangu aliiweka pedi juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeshusha yai. Mume wangu akatoka nje, amekasirika kwa kuona haya. Tukabaki wawili.

"Hata mimi," mkwe wangu akasema akitazama mapaa yale mapya, "niliondoa mtu, sikumuuliza mama yake."

Nilichukua kitambaa, nikaendelea kushona. Asubuhi yake alisema mguu umepona, akapanda basi la kwenda Shinyanga, na hakuja tena Kahama. Mashine ilikaa chini ya runinga na kitambaa juu yake.

Tulipata habari kwamba anaumwa kutoka kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi naye pale kijijini. Uvimbe tumboni. Hospitalini walimtazama, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Mume wangu alikwenda, akarudi amevimba macho, akaniambia, "Anakuita. Amesema uje peke yako."

Nilishuka Shinyanga mjini, nikapanda bodaboda mpaka kwao. Ilikuwa mchana wa jua kali, mahindi yanakauka mashambani. Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, amepungua mpaka fimbo yake ilionekana nene kuliko mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Safari hii alinitazama. "Umekula?"

"Nimekula."

"Niinue."

Wifi yangu akapinga, akasema daktari amekataza. Mkwe wangu akaninyooshea mkono. Nilimpitishia mkono mgongoni, nikamwinua. Tulikwenda polepole, tukapita zizi, tukazunguka kihenge cha kuhifadhia mahindi, mpaka nyuma kabisa, karibu na ua wa minyaa. Pale palikuwa na kigoda, na mbele yake kipande cha ardhi kilichofagiliwa, kisicho na jani.

Mahali pale nilipajua. Kila nilipokwenda kijijini nilimwona akienda kukaa huko nyuma mchana, peke yake, na ungo wa karanga, juani, ilhali kivuli kilikuwa tele mbele ya nyumba. Siku zote niliamini ananikwepa.

Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikabaki nimesimama, kisha nikapiga magoti.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapo."

Sikuweza kuigusa ardhi ile. Nilitandaza kiganja juu yake hewani tu, kama anayepima joto la jiko.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mila inakataza. Na mimi niliogopa." Alihema. "Ulikuwa mtoto wa watu, damu imekuisha. Niliona nikikuonyesha utalala hapa, usiinuke. Nikasema nitakaa naye mimi. Wewe uishi."

"Miaka yote hii?"

"Ulitaka nimwache peke yake?"

Nikalia, naye akaniacha nilie. Hakusema lolote kuhusu mtungi. Nilipotulia nikamwomba anieleze alikuwaje. Akaniambia alikuwa na nywele nyingi, na masikio yangu, na kwamba alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamfunga katika kanga yake mpya ambayo hakuwahi kuivaa. Wanawake wenzake walitangulia kuondoka, yeye akabaki kusawazisha udongo.

"Mtoto asiyelia hapewi jina," alisema. "Ndivyo tulivyokuta. Lakini niliona siwezi kumfukia kama mbegu. Nikampa."

"Ulimpa jina gani?"

"Langu. Sikuwa na jingine karibu."

Jina la mkwe halitamkwi na mke wa mwanawe. Sijawahi kulitamka maishani mwangu, na hata hapa siliandiki. Yeye alilijua hilo, kwa hiyo hakunitaka nilitamke. Alinyoosha mkono wake, akaushika wangu, ule uliokuwa hewani, akaushusha mpaka ukagusa udongo. Kisha akaniita. Hakusema ng'winga. Alisema Mama, akamalizia na jina lile.

Hakuna aliyewahi kuniita mama wa mtu.

"Abee," nikaitika.

Akaniita tena, polepole, kama vile mara ya kwanza hakunisikia.

"Abee, mama. Nipo."